Kabla Hujauliza Meli Ina Bwawa la Kuogelea, Uliza Kama Mwanao Kaandikwa

Leo naanza na umbea kidogo halafu tutaingia kwenye historia, kwa hiyo usikimbie.

Kuna dada mmoja maarufu hapa Bongo, jina nalihifadhi, karusha picha yuko na mume wake na watoto wawili wadogo juu ya meli ya kitalii. Meli ina ghorofa kama hoteli, bwawa la kuogelea, mpaka sehemu ya watoto kuteleza kwenye maji. Watu wakagawanyika. Nusu wanasema hongera shosti, nusu wanasema za mkopo hizo. Mimi nilicheka nikapita zangu. Ila jioni yake mamdogo wangu akaniita.

"Baba, wewe si ndo unashinda kwenye simu? Nitafutie na mimi meli."

Nikajua ananitania. Kumbe yuko siriasi. Mume wake ni mtu wa Pemba, na bibi wa watoto kule Mkoani hajawahi kumuona mjukuu wa mwisho. Watoto ni watatu: mkubwa miaka 6, wa kati miaka 3, na mchanga wa miezi 8. Mamdogo hajawahi kupanda hata mtumbwi. Sisi tumekulia hapa Chanika, Handeni, maji mengi tuliyowahi kuyaona ni ya bwawa na ya mafuriko. Halafu kuna jamaa alishamwambia ipo mashua inatoka Kipumbwi kule Pangani, bei nusu, haina maswali mengi. Mamdogo alikuwa ameanza kuvutika.

Nikamwambia nipe wiki moja. Katika kuperuzi nikakuta jambo ambalo sikulitegemea: sisi watu wa Handeni, tunaojiona wa bara kabisa, tuna historia ndefu sana ya kuchagua meli vibaya tukiwa na watoto mkononi.

Jahazi lisilokuwa na orodha

Rudi nyuma karibu miaka 190. Miaka ya 1830 ukame mkali uliipiga nchi ya Wazigua, huku huku kwetu. Mazao yakafa. Familia zikateremka pwani kutafuta chakula. Kule zikakutana na watu wenye majahazi, wenye maneno matamu: njooni huku ng'ambo kuna kazi, kuna chakula, mambo yakikaa sawa mtarudi kwenu. Sasa wewe ni baba, mtoto analia njaa, utafanyaje? Wakapanda. Baba, mama, watoto.

Majahazi yakaelekea kaskazini mpaka pwani ya Benadiri, miji kama Barawa na Merka, Somalia ya leo. Waliposhuka wakakuta kazi ipo kweli, ila mshahara haupo. Walikuwa wameshauzwa.

Masimulizi ya wajukuu zao yanasema baadaye kundi kubwa lilitoroka, likiongozwa na mwanamke mwenye uwezo wa kuagua, wanamwita Wanankhucha. Nia ilikuwa kurudi nyumbani kwa miguu. Hawakufika. Wakaishia bonde la mto Juba, wakafyeka msitu, wakalima, wakajilinda. Wakabaki pale vizazi na vizazi, wakizungumza lugha yao, ambayo hadi leo Mzigua wa Handeni akiisikia anaielewa.

Kilichonikaa kichwani ni hiki. Yule dada wa juu simtaji jina kwa heshima. Lakini hawa nao siwezi kuwataja, kwa sababu hakuna aliyewaandika. Wangapi walipanda? Watoto wangapi? Wangapi walifia njiani wakatupwa baharini? Aliyehesabu alihesabu mzigo, hakuhesabu watu.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuchagua chombo likawa limepatikana. Lakini ngoja kwanza, twende taratibu.

Wakati wenzetu wanaanza kutalii

Mwaka 1900 kule Ujerumani ilizinduliwa meli inayoitwa Prinzessin Victoria Luise. Inatajwa kuwa ndiyo meli ya kwanza kujengwa kwa ajili ya starehe tu: haibebi mzigo, wala haihamishi watu. Inakuzungusha tu, unakula, unarudi. Mjerumani huyo huyo wakati ule alikuwa anatandika reli kutoka Tanga kuja bara, na ilifika Korogwe mwaka 1902. Yaani meli ya starehe ilianza kuelea kabla gari moshi halijapiga honi Korogwe.

Miaka 12 baadaye ikatokea Titanic, Aprili 1912. Wengi tunaijua kwa ile filamu ya mapenzi, lakini mwenye watoto aiangalie hivi. Watoto wa daraja la kwanza na la pili karibu wote waliokoka. Wa daraja la tatu, kule chini, ilipona kama theluthi moja tu. Ni maji yale yale na usiku ule ule. Tofauti ni chumba kilipo na umbali wake na ngazi za kwenda juu.

Lakini ona jambo lingine: tunajuaje hesabu hiyo? Kwa sababu kila mtoto aliandikwa, hata wa daraja la tatu, jina na umri. Ndiyo maana watu waliweza kuuliza maswali makali, na mwaka 1914 mataifa yakakubaliana mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini, ule unaoitwa SOLAS mpaka leo. Pakiwa na orodha, pana wa kuulizwa.

Meli za London zilizopita Tanga

Baada ya vita vya pili, Kampuni ya British India ilijenga meli mbili nzuri, moja ikaitwa Kenya (1951), nyingine Uganda (1952). Zilibeba abiria wapatao 300 kila moja, daraja la kwanza na daraja la watalii. Zilitoka London, zikapita mfereji wa Suez na Aden, zikashuka Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam mpaka Beira.

Fikiria Tanga ya wakati huo. Meli inasimama ndani ya ghuba, mbali na gati, na abiria wanaletwa ufukweni kwa vyombo vidogo. Anashuka mke wa bwana shamba wa mkonge na watoto wake, wanapanda treni kuja Korogwe. Katika makaratasi ya abiria ya Uingereza ya miaka hiyo, ambayo yametunzwa hadi leo, mtoto wa namna hiyo yumo, na umri wake umeandikwa. Mjukuu wake akitaka leo anaweza kumtafuta babu.

Na manamba waliokuwa wanakata mkonge Korogwe, ambao nao walitoka mbali na wengine walikuja na familia? Kule walipita kama nguvu kazi. Sitaki kumlaumu yule mtoto wa Kizungu, hana kosa. Ninachosema ni kwamba kuandikwa ni heshima, na heshima hiyo ilikuwa na madaraja kama meli yenyewe.

Kwa wapenda stori: hiyo meli Uganda baadaye ilibadilishwa, mwaka 1968 ikaanza kubeba wanafunzi kwenye safari za kujifunza, na mwaka 1982 ikawa hospitali ya majeruhi kwenye vita vya Falkland. Yaani meli iliyozoea Tanga imezunguka dunia kuliko sisi sote.

Sasa tuje kwetu, na hapa panauma

Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria kama 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu? Halikuwa na orodha. Kule ndiko wanakokaa mama mwenye ndizi zake, watoto wawili na mmoja mgongoni. Mamia walikufa, na mpaka leo watu wanabishana idadi.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilikuwa inatoka Unguja kwenda Pemba. Sikukuu ya Idi ilikuwa imepita siku chache tu. Uwezo wa meli ulikuwa abiria 600 na ushee. Mwanzoni zikatajwa hesabu ndogo, halafu tume ya uchunguzi ikaja kusema ndani walikuwemo zaidi ya 2,000, na waliokufa pamoja na waliopotea ni zaidi ya 1,500. Ona hilo pengo. Kati ya hesabu ya mwanzo na ya mwisho kuna watu wengi kuliko kijiji, na wengine walikuwa watoto waliopakatwa ambao hakuna aliyeona haja ya kuwaandika.

Taarifa za wakati ule zilisema wapo waliofika kupanda, wakaona ilivyofurika, wakakataa. Wakarudi. Nawaza mzazi mmoja kati yao, anageuka na mabegi, watoto wanalalamika, tiketi imeungua, watu wanamcheka mwoga. Kesho yake asubuhi anasikia redio.

Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, ikazama MV Skagit ikitoka Dar kwenda Unguja, karibu na kisiwa cha Chumbe. Boti ile ilitoka Marekani, ilikuwa inavusha abiria huko Seattle kwenye maji yaliyotulia. Huku ikakutana na upepo wa Julai, na Julai ni kusi. Safari hii taarifa ilitoka mapema na watoto walihesabiwa peke yao: 31. Inaumiza vile vile, lakini angalau mtu aliwahesabu.

Na Septemba 2018 MV Nyerere kule Ukara. Uwezo watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220.

Hizi habari siziandiki ili kuwatisha. Mamdogo naye aliniambia hivyo: "Sasa wewe nimekuambia unitafutie meli, unaniletea misiba." Nikamwambia mamdogo, wale watu ndio walimu wetu, tusipowasikiliza wamekufa bure.

Majibu niliyompa mamdogo

Hapa ndo kiini cha leo, iwe unaenda Pemba kwa elfu zako kadhaa au umejipanga kwa ile meli ya ghorofa. Maana nazo zinafika: mwanzoni mwa 2024 meli ya Norwegian Dawn ilitia nanga Dar ikiwa na watalii zaidi ya 2,000.

Moja, je, mtoto anaandikwa? Mkataba wa SOLAS unataka meli za abiria za kimataifa zihesabu watu wote kabla ya kung'oa nanga, na zirekodi majina, jinsia, na kama ni mtu mzima, mtoto au mtoto mchanga. Chombo ambacho hakimjui mwanao kwa jina hakitamtafuta kwa jina.

Mbili, mtoto ana boya lake? Yale majaketi ya machungwa ya watu wazima mtoto mdogo anachomoka. Kanuni hiyo hiyo inataka yawepo ya watoto, na ya wachanga pia. Ukipanda tu, uliza yapo wapi. Usione aibu.

Tatu, umri. Makampuni mengi makubwa ya meli za kitalii hayapokei mtoto chini ya miezi 6, na safari za kuvuka bahari kuu yanataka awe na miezi 12. Sababu ni kwamba mtoto akiugua katikati ya bahari, daktari wa meli siyo hospitali. Kwa hiyo chagua safari ambayo haikai siku nyingi bila kugusa bandari.

Nne, msimu. Juni mpaka Agosti kusi linavuma, bahari inachafuka. Mtoto atatapika, na wewe utatapika, nani atamshika mwenzake? Subiri upepo utulie.

Tano, mchana. Ukiweza chagua safari ya mchana. Kwenye giza huwezi kuona mtoto wa pili yuko wapi.

Sita, kaa wapi. Karibu na njia ya kutokea. Usiende kujibana chini kabisa kwa sababu kuna kivuli.

Saba, nani anakagua? Kwa Bara kuna TASAC, kwa Zanzibar kuna Mamlaka ya Usafiri Baharini. Mashua ya usiku wa manane ya bei nusu haikaguliwi na mtu, na hiyo nusu uliyookoa ndiyo iliyotakiwa kulipia usalama wa wanao.

Na la mwisho, ambalo wazee wetu wa 1830 walinyimwa nafasi ya kuliuliza: kinaenda wapi kweli, na nani amesema?

Njia tulikuwa nazo mbili. Ya kwanza, basi mpaka Dar, mnalala, asubuhi boti ya Unguja, halafu mnatafuta nyingine ya Pemba. Boti zipo nyingi, ila ni bandari tatu na watoto watatu. Ya pili, basi mpaka Tanga kupitia Segera na Muheza, mnalala kwa ndugu, mnavuka moja kwa moja. Tatizo la Tanga meli haiendi kila siku na ratiba inabadilika, kwa hiyo lazima upige simu kwanza na ujipange. Tukachagua Tanga. Na tukasogeza kutoka Julai mpaka Novemba. Yule jamaa wa mashua alinuna. Akanune.

Dirishani

Siku ya kukata tiketi nilimsindikiza. Kijana wa dirishani akaandika mama, akaandika wawili wakubwa, akafunga kitabu.

Mamdogo akamwambia, "Na huyu?"

"Huyo mchanga mama, anapakatwa, hana haja ya tiketi."

"Sijakuomba tiketi, baba. Nataka jina lake."

"Huyo ni bure mama."

"Bure kwenye nauli. Mimi nimemzaa kwa uchungu kama hao wengine. Muandike."

Foleni nyuma ikaanza kulalamika. Mamdogo wangu ni mpole sana, ila siku ile alisimama kama mlingoti. Kijana akafungua kitabu, akauliza jina, akaandika, akageuza kitabu ili mama aone. Mama hajui sana kusoma. Akaniambia nisome kwa sauti. Nikasoma. Ndipo akasogea.

Nilisikia kitu shingoni, sitaki kudanganya.

Walifika salama. Wa miaka 3 alitapika mara mbili, wa kwanza alitaka kuwa kapteni, mchanga alilala njia nzima. Bibi alilia.

Waliorudi

Nimalizie na wale wa jahazi, maana sikuwaacha Somalia.

Mwaka 1991 Somalia ilipovunjika, watu wa bonde la Juba walikuwa wa kwanza kuporwa. Wakakimbia na watoto, wengine wakaishia kambi za Kenya. Kuanzia 2003 Marekani ikawapokea zaidi ya 10,000 wa jamii za bonde lile. Lakini wapo waliosema sisi kwetu tunapajua, mababu walituambia ni Uzigua. Wakaja mpaka hapa Handeni, kambi ya Mkuyu, baadaye Chogo. Wazee wa huku walipowasikia wanaongea walishangaa, ni Kizigua kile kile, cha zamani kidogo. Karibu miaka 160 na lugha haijapotea.

Serikali ikawapa wengi wao uraia. Ukienda Chogo leo ni watu wa kawaida tu, wanalima, wanauza sokoni. Lakini fikiria kile cheti. Ukoo uliopanda jahazi bila kuandikwa popote, vizazi kadhaa baadaye karani anauliza, jina nani? Na watoto? Anaandika mmoja mmoja.

Ndo maana siku hizi nikiona picha za mastaa kwenye meli siulizi za nani wala za shilingi ngapi. Nawaangalia watoto wale wawili wakiteleza kwenye maji, najiambia hawa wameandikwa. Nawaombea watoto wote wanaovuka leo, wa Ukerewe, wa Mafia, wa Pemba, na wao waandikwe.

Wewe umeshawahi kusafiri na mtoto kwenye maji? Alipewa boya? Aliandikwa? Tupia hapo chini, na kama unajua ratiba ya sasa ya Tanga–Pemba iweke, kuna akina mama wanaisubiri. Ila majina ya watu tusitaje, mnajua utaratibu wetu.